Bi Ngiri na Nyumba ya Kivuli

Paukwa!

— Pakawa!

Lo! Mmeitikia kama watu walioshinda na njaa. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nyumba!

— Ikawa!

Palikuwa na mwenyewe!

— Akawa!

Sasa yuko wapi?

— Hatumwoni!

Hamumwoni. Vizuri. Basi tulieni niwaambie alikokwenda. Na ninyi wakubwa mliojibanza huko nyuma, mnaojifanya mmekuja kuwasindikiza watoto tu, sogeeni. Watoto hawana nyumba ya kunyang'anywa. Mnazo ninyi.

Hapo kale, kale ile ya wanyama kusema, na kusema kwenyewe kulizidi kufikiri, mbugani aliishi Muhanga. Muhanga kazi yake kuchimba. Anachimba shimo, anakula mchwa, analala, kisha anahama na kuchimba jingine. Hauzi, hapangishi, hadai shukrani. Mjinga kabisa, si ndiyo? Shimo aliloliacha huwa la atakayeliwahi.

Bibi yake Bi Ngiri aliliwahi moja, chini ya kichuguu. Akalifagia, akazaa humo. Mama yake Bi Ngiri akazaliwa humo. Bi Ngiri mwenyewe akazaliwa humo. Na wanawe watatu, Tope, Chubwi na kitindamimba Kimkia, wakazaliwa humo humo. Kuta zilikuwa laini kwa kusuguliwa na migongo ya ukoo mzima. Upande mmoja palikuwa na kibonyeo, mahali ubavu wa bibi ulipokuwa ukiegemea. Hapo ndipo Chubwi alipokuwa akilala. Ukimhamisha, analia. Ukimrudisha, ananyamaza.

Sasa sikilizeni desturi ya ngiri. Ngiri haingii nyumbani mwake kama mimi na wewe. Ngiri huingia kinyumenyume. Anafika mlangoni, anageuka, anatanguliza makalio, anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka amezama wote, umebaki uso. Uso na yale meno yake mawili yaliyopinda yanayotoka nje. Bi Ngiri alimfundisha Kimkia kila jioni.

"Geuka, mwanangu."

"Nimegeuka, mama."

"Rudi."

"Narudi, mama."

"Unaona nini?"

"Naona nje."

"Basi umefika nyumbani."

Na sheria ya mbuga nayo ilikuwa fupi. Ilisema: uso wa nani uko mlangoni? Huyo ndiye mwenye nyumba. Hakuna zaidi. Ilikuwa sheria nzuri sana, na waliipenda sana wale wenye meno.

Siku moja akaja Mbweha. Mnamjua Mbweha? Anayenyoosha shingo akicheka, anayekuita ndugu kabla hajakujua jina? Huyo. Alikuja mchana, mdogo mdogo, amejilamba manyoya mpaka yanang'aa.

"Hodi, hodi! Shikamoo, Bi Ngiri."

"Marahaba, Bwana Mbweha. Karibu. Watoto, mpisheni mgeni kivulini."

"Aa, sikai, dada yangu. Nimetumwa. Mheshimiwa Fisi ameanzisha kamati. Kamati ya Ujirani Mwema. Ameniambia, Mbweha, kaanzie kwa Bi Ngiri, yule ndiye mwenye adabu kuliko wote."

Bi Ngiri akaona haya, akachora chini kwa kwato. Sifa kwake ilikuwa kitu adimu. Ukiwa na uso kama wa ngiri, wenye nundu kila mahali, husifiwi mara kwa mara.

"Ila," Mbweha akasema, akashusha sauti. "Sijui nikwambie?"

"Niambie, ndugu yangu."

"Majirani wananung'unika. Kila jioni ukiingia ndani unatugeuzia uso. Umetutolea macho, umetutolea meno. Unarudi nyuma huku unatutazama. Wanasema, huyu Bi Ngiri anatuona sisi wezi."

"Toba! Mimi?"

"Mimi nakutetea. Nawaambia, hapana, ni ushamba tu. Ni mambo ya bibi yake. Lakini wamekwazika, dada. Mheshimiwa mwenyewe amekwazika. Amelia."

Fisi amelia! Mmewahi kumwona Fisi akilia? Mimi pia sijawahi. Lakini Bi Ngiri aliamini. Alikuwa wa aina ile ya watu ambao ukiwakanyaga mguu wanakuomba radhi kwa kuuweka pale. Akaenda kwa jirani yake, Nungunungu, aliyekaa shimo la pili yake pamoja na mkewe na wanawe.

"Jirani, eti nikiingia ndani nakutukana?"

Nungunungu alikuwa hajawahi kufikiri jambo hilo hata siku moja. Lakini ukimuuliza mtu kama ametukanwa, akikaa kidogo, atakumbuka. Akajikuna miba, chaka chaka chaka.

"Sasa umesema wewe mwenyewe, jirani. Kwa kweli inaudhi kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi mtu wa amani. Sipendi maneno."

Mtu wa amani huyo, mwili mzima sindano.

Basi, jioni ikafika. Kamati ikaja nzima. Mheshimiwa Fisi mbele, tumbo linaning'inia. Mbweha pembeni yake. Kanga nao wamejaa kichakani, chekere chekere chekere, maana kanga hawakosi pahali penye jambo lisilowahusu. Nungunungu amesimama mlangoni pake kuangalia.

Mbweha akapaza sauti. "Leo Bi Ngiri atatuonyesha imani! Leo ataingia ndani uso mbele, kama wastaarabu!"

Kanga wakashangilia. Bi Ngiri akatabasamu, na tabasamu la ngiri ni kazi ngumu. Watoto wakatangulia. Tope akaingia uso mbele. Chubwi akaingia uso mbele, moja kwa moja hadi kwenye kibonyeo chake. Kimkia akasita.

"Mama, nikiingia hivi sioni nje."

"Ingia, mwanangu. Tusiwaudhi watu."

Kimkia akaingia. Kisha Bi Ngiri akainamisha kichwa, akaingia. Uso gizani. Meno gizani. Nje kumebaki makalio, na juu ya makalio kale kamkia, kamesimama wima kama kijiti.

Fisi hakukimbia. Hana haja. Alisogea polepole kama mtu anayekwenda kuokota kitu chake, akakamata mkia kwa taya, akavuta.

Puu!

Bi Ngiri huyo nje, miguu juu. Watoto wakasikia kelele za mama yao, wakatoka mbio kumfuata, na ndivyo watoto wote wafanyavyo, hakuna aliyewafundisha. Shimo likabaki tupu. Na Fisi, Mheshimiwa Fisi wa Ujirani Mwema, akageuka. Akatanguliza makalio. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka amezama wote, umebaki uso.

Mmeona? Ushamba wa bibi yake Bi Ngiri, Fisi aliujua vizuri kuliko wajukuu.

"Nyumba yangu!" Bi Ngiri akapiga kelele. Akainuka, akashambulia, tifu tifu tifu, vumbi likapaa. Lakini shimo lina mlango mmoja, na mlangoni kuna taya za Fisi. Akararuliwa sikio. Akarudi tena. Akararuliwa tena. Damu ikamwingia jichoni.

"Mheshimiwa, ni nyumba yangu! Nimezaliwa humo!"

"Mimi nilipofika sikuona uso mlangoni," Fisi akajibu kwa utulivu. "Niliona mkia. Mkia si uso. Nikajua nyumba haina mwenyewe."

"Kwi kwi kwi," Mbweha akacheka, halafu akajirekebisha, akakohoa. "Pole sana, dada. Mimi nimeshangaa kama wewe."

Na kanga? Kanga wakatazamana. Mmoja akasema jioni imeingia. Mwingine akasema kweli, imeingia. Wakaruka mtini, burr, wakalala. Nungunungu akaingia kwake. Leo akaingia haraka.

Kulipokucha Bi Ngiri akaenda kushtaki kwa hakimu. Na hakimu wa mbuga alikuwa nani? Nawauliza. Shauri la nyumba, katika wanyama wote walioumbwa, alipewa nani aliamue?

Kobe!

Kobe, ambaye nyumba yake imebandikwa mgongoni! Tangu azaliwe hajalala nje hata mara moja. Mvua ikija, anavuta kichwa ndani. Jua likija, anavuta kichwa ndani. Maneno yakija, ndiyo kabisa. Huyo ndiye aliyeketi kusikiliza habari za kukosa nyumba.

"Eleza," akasema Kobe.

Bi Ngiri akaeleza. Akalia, akaeleza. Kimkia alikuwa amejisukuma kinyumenyume kati ya miguu ya mama yake, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuingia.

Kobe akatoa shingo, polepole. "Swali ni moja. Uso wa nani uko mlangoni sasa?"

"Wa Fisi, Hakimu. Lakini mimi nilivutwa—"

"Wa Fisi. Umekiri mwenyewe."

"Nimezaliwa humo, Hakimu! Mama yangu amezaliwa humo!"

"Mimi nimezaliwa mchangani," Kobe akasema. "Mmewahi kuniona nadai mchanga? Tatizo lenu mnazipenda nyumba kupita kiasi. Nyumba ni kitu cha kubeba tu. Mimi yangu wala siisikii."

Mbweha, aliyekuja kama shahidi, akaguna kwa kusifu. "Mmh! Hekima hiyo."

"Hata hivyo mahakama hii ina huruma," Kobe akaendelea. "Kuna watoto. Mbweha, watafutie mama huyu makazi mbadala." Kisha akavuta kichwa ndani. Shauri limekwisha.

Makazi mbadala! Mbweha akawaongoza mpaka kwenye jabali kubwa katikati ya uwanda. Ilikuwa asubuhi, na upande wa magharibi wa jabali palikuwa na kivuli kirefu, kipana, cha baridi.

"Hii hapa!" Mbweha akanyoosha mkono kama bwana harusi anayeonyesha chumba. "Nyumba mpya."

Bi Ngiri akatazama. "Iko wapi?"

"Umesimama ndani yake."

"Hiki ni kivuli."

"Ni nyumba ya kisasa. Haina kuta za kukubana. Haina mlango wa kukutia wasiwasi. Hewa inaingia pande zote. Na ona ukubwa! Lile shimo lako lingeingia humu mara ngapi? Wengine wangeshukuru."

Na Bi Ngiri, maskini, akashukuru. Alikuwa amelelewa hivyo. Mbweha akaenda zake kwa Fisi kuguguna mifupa aliyowekewa mlangoni.

Wakakaa. Tope akachora ukuta kwa kwato. Chubwi akatafuta kibonyeo chake, akazunguka, akalala kwenye mwamba, akainuka, akasema, "Mama, ukuta wa huku mgumu." Na jua likapanda.

Mnajua kivuli hufanya nini jua likipanda? Mnajua. Bi Ngiri naye alijua, tangu zamani alijua, ila ukiwa huna pengine unajilazimisha kusahau. Nyumba ikaanza kuondoka. Ikakatika kwenye miguu ya Tope. Wakasogea. Ikakatika kwenye mgongo wa Chubwi. Wakasogea. Adhuhuri walikuwa wamebandikwa kwenye jabali, wamesimama wima, wamebanana, na nyumba kubwa ya kisasa imebaki upana wa ukwato. Halafu haikubaki hata huo.

"Mama, nyumba imekwenda wapi?" akauliza Kimkia.

"Itarudi, mwanangu."

Ikarudi kweli, alasiri, upande wa pili wa jabali! Na huko kulikuwa kwa kanga. Kanga wakaja juu, chekere chekere chekere.

"Nyie! Mmeingia kwetu!"

"Tunafuata nyumba yetu," akasema Bi Ngiri.

"Nyumba gani inayotembea? Watu hawana haya hawa! Leo hapa, kesho pale. Hamna kwenu?"

Ndivyo walivyosema. Kwake Bi Ngiri walikufahamu vizuri sana. Siku ile walikaa kichakani wakashangilia.

Basi hayo yakawa maisha, maana kila shimo la Muhanga lilikuwa na uso mlangoni. Asubuhi magharibi ya jabali, adhuhuri hakuna, jioni mashariki kwa matusi. Tope akaacha kucheza. Alikuwa akikaa ametega masikio, hata mjusi akipita anasimama. Bi Ngiri akakonda, maana mama anayehama mchana kutwa hapati muda wa kuchimba mizizi. Na Kimkia akaanza jambo lililowachekesha kanga mpaka wakaanguka mtini. Alianza kuingia. Kila alichokiona alikigeuzia makalio, akarudi nyuma. Kichaka, akaingia kinyumenyume. Mawe mawili, akaingia kinyumenyume. Siku moja akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka kwenye miba ya Nungunungu.

"Aaa!"

"Mtoto huyu hana adabu!" Nungunungu akafoka. "Anawatembelea watu kwa makalio! Hafundishwi kwao?"

Kwao wapi? Hilo hakulisema.

Kisha mvua za vuli zikakaribia. Wingu likapanda kutoka upande wa milima, zito, jeusi, likafunika jua. Sasa nawauliza ninyi wenye akili. Jua likifunikwa, kivuli kiko wapi?

— Hakuna!

Hakuna. Si upana wa ukwato. Hakuna kabisa. Ile nyumba mpya ilifutwa na wingu kabla tone la kwanza halijaanguka.

Mvua ikamwagika, shaaa! Bi Ngiri akawakusanya wanawe, akakimbia nao mpaka shimo la Nungunungu.

"Hodi! Hodi, jirani! Tunalowa!"

Ikatoka sauti ndani. "Nani?"

"Mimi, Bi Ngiri. Nina watoto. Waingize watoto tu, mimi nitakaa nje."

"Ningependa sana, jirani. Wallahi ningependa. Lakini hapa ni padogo, na mimi unajua nina miba. Watachomeka. Nawahurumia wao." Akafikiri kidogo. "Na halafu Mheshimiwa akisikia atasema nimechukua upande. Mimi mtu wa amani."

Bi Ngiri akasimama hapo mlangoni, maji yanamtiririka usoni. Aliona aibu kwa ajili ya Nungunungu. Kisha akaondoka. Akaenda kulala wazi chini ya jabali, akawafunika wanawe kwa tumbo lake. Tumbo la mama mmoja halitoshi kufunika watoto watatu. Alimfunika huyu, yule akalowa. Akamfunika yule, huyu akalowa. Maji yalishuka kwenye jabali kama yamefunguliwa.

Hapa, wanangu, mimi sina utani.

Mvua ilipokatika na jua kutoka, Tope akaamka. Kimkia akaamka. Chubwi hakuamka. Alikuwa amelala amejikunja, ubavu wake ameubana kwenye mwamba, mahali ambapo hakukuwa na kibonyeo. Bi Ngiri akamlamba. Akamsukuma kwa pua. Akasema, "Chubwi. Chubwi, mwanangu, jua limetoka." Akasema hivyo muda mrefu. Kimkia akauliza kwa nini Chubwi hasogei na kivuli.

Haya. Nipeni maji kidogo. Tuendelee.

Bi Ngiri akachimba kaburi mwenyewe. Alipokuwa akirudi, akasikia sauti bondeni, "Mm! Mm! Nisaidieni!" Akatazama. Hakimu Kobe! Maji ya mvua yalimbiringisha, yakamwacha chali matopeni. Tumbo juu, miguu minne inapiga hewa, na nyumba ipo, tena nzuri, ila iko chini yake na haimsaidii kitu.

"Bi Ngiri! Mama yangu! Nigeuze, jua linaniua!"

Bi Ngiri akasimama juu yake. "Hakimu, mbona nyumba unayo?"

"Imepinduka!"

"Tatizo lenu mnazipenda nyumba kupita kiasi," akasema Bi Ngiri, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Mwanangu Chubwi amekufa, Hakimu. Kwa baridi. Katika makazi mbadala."

Miguu ya Kobe ikaacha kupiga hewa. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuweza kuvuta kichwa ndani, maana matope yalikuwa yamejaa.

Mimi ningemwacha. Nawaambieni ukweli, ningemwacha akauke. Bi Ngiri akaingiza meno chini ya gamba, akainua, Kobe akageuka, tap! akasimama.

"Nimekosa," akasema Kobe. "Ile hukumu nitaifuta. Naenda sasa hivi kumtoa Fisi. Sasa hivi!"

Na akaondoka kweli, hima hima, kwa mwendo wake. Bado yuko njiani. Ukipita mbugani utamkuta anakwenda. Ukimuuliza, atakuambia shauri lile linashughulikiwa.

Haikupita muda, Fisi akaleta binamu yake, na binamu akataka pa kukaa. Mbweha akajilamba manyoya, akaenda kwa Nungunungu.

"Shikamoo, Mzee Nungunungu. Nimetumwa na kamati. Majirani wananung'unika. Eti kila mtu akija kwako unasimamisha miba. Wanasema unawaona wezi. Mheshimiwa amelia."

Nungunungu maneno haya aliyajua. Aliyasikia kwa jirani, akayaona matamu. Mbweha alipoondoka tu, alitoka mbio, chaka chaka chaka, mpaka kwenye jabali.

"Jirani! Wanakuja! Niambie nifanye nini!"

Bi Ngiri alikuwa amelala, Tope huku, Kimkia huku. Pembeni alikuwa ameacha nafasi ya mmoja. Hakuinuka.

"Siku ya mvua nilibisha hodi kwako," akasema.

Nungunungu akaanza kulia, miba yote ikalala. "Nilikusikia. Nilikusikia vizuri. Nilikuwa na nafasi, Bi Ngiri. Tulikuwa na nafasi."

"Najua. Nilikuwa mlangoni, niliiona."

Bi Ngiri akauliza, "Wanao wangapi?"

"Wawili."

Akainuka. "Siji kwa ajili yako. Nakuja kwa ajili ya hao."

Jioni ile Mbweha akaja na Fisi na binamu wa Fisi, na kanga kichakani, chekere chekere. Wakakuta nini? Ndani walikuwa wameingia wote, watoto wa Nungunungu, mke wa Nungunungu, Tope, Kimkia. Miba haikumchoma mtu. Mwiba ukiulaza, unalala. Nungunungu naye aliingia kinyumenyume, kwa shida, akikwaruza kuta. Na wa mwisho akaingia Bi Ngiri. Akageuka. Akarudi nyuma, akarudi nyuma. Mlangoni pakabaki uso wenye nundu, sikio lililoraruka, na meno mawili.

Binamu wa Fisi akasogea. Akayatazama yale meno. Akarudi kidogo.

Mbweha akacheka kicheko chake. "Bi Ngiri! Dada yangu! Tumesharudi kwenye ushamba? Mbona unatutazama kama wezi?"

"Kwa sababu nawaona," akasema Bi Ngiri.

Kanga wakanyamaza. Ni mara ya kwanza kanga kunyamaza, na sijasikia kama wamerudia. Fisi akaguna. Binamu akasema kumbe hapa pana unyevu, hapendi unyevu. Wakaondoka.

Je, Bi Ngiri alirudishiwa nyumba yake? Najua mnataka niseme alirudishiwa. Hapana. Fisi yumo mpaka leo. Amelipanua shimo, amevunja ukuta ule wenye kibonyeo kwa sababu kilimuumiza ubavu. Na kila jioni Kimkia, ambaye sasa ni ngiri mkubwa mwenye watoto, akipita pale hupunguza mwendo. Hasemi kitu. Hupunguza mwendo tu, kisha anaendelea.

Funzo lake mnalitaka waziwazi? Hili hapa. Anayekuambia kuulinda mlango wako ni kukosa adabu, anautaka mlango huo. Na jirani yako akitolewa kwake, mfungulie siku hiyo hiyo, usingoje mpaka Mbweha aje kukusalimia wewe.

Haya, tumalize tulivyoanza. Palikuwa na nyumba!

— Ikawa!

Palikuwa na mwenyewe!

— Akawa!

Sasa yuko wapi?

Mbona mmenyamaza? Si mnamjua? Wengine mnapita mbele yake kila siku, mnasema hawa watu hawana kwao.

Basi, hadithi yangu imefika mlangoni na hapo imeishia. Nendeni mkalale, ninyi wenye pa kulala. Na mkifika kwenu, ingieni kinyumenyume.